Bunduki ya Mjerumani: ipi hasa?

Leo hakuna stori za foleni ya mesi wala bumu kuchelewa. Ndani ya mwezi mmoja jamaa watatu wa hosteli wameniuliza swali lilelile, kisa wanajua natokea Itumba: eti ni kweli huko Ileje na Rungwe kuna bunduki za Mjerumani zilizofichwa, na eti kuna Wazungu wakusanyaji wanaolipa mamilioni kwa moja tu? Mmoja wao ameshaombwa "hela ya kufungulia njia" na mtu anayedai anayo Mauser iliyosalimishwa Abercorn mwaka 1918. Nikaona badala ya kujibu mmoja mmoja niandike hapa mara moja. Mimi ni mtu wa historia, siyo dalali.

Tuanze na bunduki yenyewe. Ile ambayo askari wa koloni la Wajerumani aliibeba miaka mingi kuliko nyingine ni Mauser modeli ya 1871, hasa aina yake fupi kidogo iitwayo Jägerbüchse. Ilibuniwa na Paul Mauser wa mji wa Oberndorf. Mtutu wake ni wa milimita 11, uzito wake unakaribia kilo nne na nusu, na haina magazini: unapiga risasi moja, unafungua komeo, unatia nyingine kwa mkono. Baruti yake ni nyeusi. Hiyo baruti ikumbukeni, tutairudia.

Kwao Ulaya bunduki hii ilizeeka haraka. Mwaka 1884 ikaongezewa magazini, mwaka 1888 ikaja modeli mpya ya baruti isiyo na moshi, na mwaka 1898 ikaja ile Mauser maarufu inayoonekana kwenye sinema za vita. Maghala yakajaa za zamani. Zipelekwe wapi? Koloni, bila shaka. Kwa hiyo Schutztruppe, jeshi la koloni hapa kwetu, lilipigana na babu zetu kwa mitumba. Agosti 1891 kule Lugalo, Mkwawa alikiteketeza kikosi cha Zelewski, na Wahehe wakaondoka na bunduki zipatazo 300. Kwa hiyo ukishika Mauser ya 71 leo, huwezi kusema moja kwa moja kwamba ilimpigania Mjerumani. Inawezekana ilimpiga.

Wakusanyaji wanaisomaje? Ubavuni, upande wa kushoto, ile ya kawaida ya askari wa miguu imepigwa mhuri "I.G.Mod.71". Sehemu nyingine kuna jina la kiwanda (Spandau, Amberg, Danzig, Erfurt, au Steyr ya Austria), mwaka wa kutengenezwa, na namba. Namba hiyo hurudiwa kwenye vipande vingi, na vikilingana mkusanyaji anafurahi kama mtu aliyepata A. Vyuma vingine vina mihuri ya kikosi. Asiyekuonyesha mihuri hiyo na namba, anakuuzia bomba la maji.

Sasa vita. Mwaka 1914 kampuni nyingi za askari wa Kiafrika zilikuwa bado na hiyo ya 71. Kampuni iliyokaa Masoko, karibu na Tukuyu (wenyewe waliita Neu-Langenburg), ndiyo iliyokuwa jirani yetu. Septemba 1914 askari wa upande wetu walivuka mto Songwe kwenda kuwashambulia Waingereza Karonga, wakapigwa wakarudi. Ukisimama Isongole ukatazama Malawi, ni mpaka huohuo.

Na hapo ndipo baruti nyeusi inaposumbua. Ukipiga risasi moja, wingu la moshi mweupe linapanda juu ya kichwa chako, na adui mwenye bunduki ya kisasa anajua pa kulenga. Fikiria wewe ni askari porini, umejificha vizuri, na silaha yako ndiyo inayokuchongea. Kamanda wao Lettow-Vorbeck alilalamika sana juu ya jambo hili. Dawa yake ilikuwa kuchukua za wenzake. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, alikusanya mamia ya bunduki za Waingereza, bombomu 16 na risasi karibu 600,000. Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens ikafika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikiwa imejifanya ya Denmark, ikaleta silaha za kisasa. Manowari ya Waingereza ikaishambulia, lakini mzigo mwingi uliokolewa. Risasi zilikuwa zimelowa, ikabidi zifumuliwe moja moja, baruti ianikwe, kisha zifungwe upya. Machi 1916 ikaja ya pili, Marie, kule Sudi mkoa wa Lindi. Baada ya hapo hakuna meli iliyofika tena.

Novemba 1917 wakavuka Ruvuma. Tarehe 25 walivamia kambi ya Wareno Ngomano, mahali Ruvuma inapokutana na Lugenda, na hapo zaidi ya nusu ya jeshi likapata bunduki mpya za Kireno, pamoja na risasi robo milioni. Zile kuukuu za 71 wakaachana nazo. Tena hapa kuna kichekesho. Wareno walikuwa na aina mbili: Kropatschek ya 1886 kutoka Steyr, na Mauser-Vergueiro ya 1904, milimita 6.5, yenye nembo ya mfalme Carlos wa Kwanza. Hiyo Vergueiro inatafutwa sana na wakusanyaji. Ilitengenezwa wapi? Berlin! Mjerumani aliuza, halafu akaja kuzinyang'anya porini.

Septemba na Oktoba 1918 walirudi huku kwetu kupitia Songea na Njombe, wakapita Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba wakafika Fife, kituo cha Waingereza ng'ambo ya Tunduma. Yaani walipita ndani ya mkoa ambao leo ni Songwe, wakiwa wamebakiza wiki chache tu za vita, bila wao kujua. Kasama wakaikuta tarehe 13 Novemba, na habari ya kusitisha vita ikawafikia mto Chambeshi, siku mbili baada ya Ulaya kunyamaza.

Tarehe 25 Novemba 1918, mwaka mmoja kamili baada ya Ngomano, wakasalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala ya leo. Hesabu aliyoiandika Lettow-Vorbeck mwenyewe kwenye kumbukumbu zake za mwaka 1920 ni hii: mzinga mmoja wa Kireno, bombomu 37 ambazo 7 tu ni za Kijerumani, na bunduki 1,071 za Kiingereza na Kireno. Anasema kwa majigambo kwamba hapakuwa na bunduki ya kisasa ya Kijerumani hata moja.

Mmeona sasa? Mtu akikwambia ana Mauser ya Mjerumani "iliyosalimishwa Abercorn", muulize ilitokea wapi, maana hata mwenye jeshi hakuiona. Angesema ni ya Kireno ningemsikiliza dakika mbili zaidi. Wenyeji wa Mbala husimulia kwamba silaha zile zilitupwa ziwa Chila. Kwetu nako husimuliwa kwamba Wajerumani walitosa mali na silaha kwenye ziwa la Masoko kabla Waingereza hawajaingia mwaka 1916. Sarafu za zamani zimewahi kuokotwa ufukweni pale, na sarafu chache zinatosha kulisha uvumi wa miaka mia. Matapeli wa "rupia ya Mjerumani" wanaishi hapohapo.

Na tusisahau sheria. Kumiliki silaha bila leseni ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kama kweli babu kaacha kitu darini, mpigieni mwenyekiti wa mtaa na polisi, na ombeni kifike makumbusho. Kuiuza kimyakimya ni kumpeleka mtu jela na historia kuhamia sebuleni kwa mtu wa mbali.

Kinachoniuma mimi ni hizo namba. Kila bunduki ilipigwa namba yake kiwandani, na mpaka leo mtu anaweza kukaa Ulaya akaifuatilia. Siku ileile ya Abercorn walikuwepo askari 1,168 na wapagazi zaidi ya 1,500, na wapagazi hao utawakuta kwenye vitabu kama jumla tu. Upande wa Waingereza wanahistoria hukadiria wapagazi karibu 100,000 walikufa, na kilichobaki mjini Dar ni jina la Kariakoo.

Askari nao walihitaji karatasi. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa waliobaki hai mishahara yao. Inasimuliwa kwamba wazee kama 350 walijitokeza Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti. Ofisa wa benki aliyeleta hela akawapa ufagio, mmoja mmoja, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani: bunduki begani, bunduki chini. Wanasema hakuna mzee hata mmoja aliyekosea.

Haya, mimi naingia semina saa nane. Mwenye picha ya ziwa Masoko anitumie.