Kipa mkongwe kwenye njia panda kandarasi inapotamatika

HAKUNA marefu yasiyokuwa na ncha. Wanaspoti wote huifahamu methali hii, lakini ni wachache wanaoionja shubiri yake kama mlinda lango wa hoki ya barafuni aliyelemewa na umri huku kandarasi yake ikielekea ukingoni.

Wakazi wa Nairobi waliujua mchezo huu kupitia uwanja mdogo wa barafu uliofunguliwa mwaka wa 2005 katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ambako timu ya Ice Lions ilipata makao. Ngome yake kuu, hata hivyo, ni ligi ya NHL inayoshirikisha klabu za Canada na Marekani.

Katika ligi hiyo, kandarasi kwa kawaida hukamilika Juni 30 na soko la wachezaji huru kufunguliwa Julai 1. Katika usiku huo mmoja, kipa aliyeshangiliwa kwa miaka 20 anaweza kuamka akiwa hana mwajiri.

Masaibu ya kipa hayafanani na ya mshambulizi. Timu huingia mechini na washambulizi 12 na walinzi sita, na mkongwe miongoni mwao aweza kupunguziwa dakika za kucheza. Lango ni moja tu. Klabu huwa na makipa wawili, na mmoja anapodaka, mwenzake hukaa benchi.

Sheria za fedha nazo humbana. Tangu mwaka wa 2005 kila klabu ina kikomo cha mishahara. Kwa muda mrefu, mchezaji aliyetia sahihi mkataba wa miaka kadhaa baada ya kutimiza umri wa miaka 35 aliendelea kuhesabiwa katika gharama za klabu hata akistaafu. Ndiyo maana wakongwe wengi hupewa mkataba wa mwaka mmoja, pengine na marupurupu yanayotegemea matokeo.

Kisa cha Brodeur

Mfano wa wazi zaidi ni Martin Brodeur, mzawa wa Montreal aliyelilinda lango la New Jersey Devils kuanzia miaka ya tisini. Alitwaa Kombe la Stanley mara tatu, mwaka wa 1995, 2000 na 2003, na alikuwa katika kikosi cha Canada kilichonyakua dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 2002 na 2010.

Dalili za machweo zilijitokeza Juni 2013, Devils walipomsajili kipa Cory Schneider, aliyekuwa na umri wa miaka 27. Msimu uliofuata wawili hao waligawana mechi. Kandarasi ya Brodeur ilipokamilika mwaka wa 2014 alikuwa na miaka 42, ushindi wa mechi 688 na hamu ya kucheza ambayo haikuwa imezimika.

Njia alizoweza kufuata ndizo zile zile zinazomkabili kila kipa wa rika lake.

Ya kwanza ni kubaki klabuni kama msaidizi kwa malipo ya chini. Marc-Andre Fleury alikubali hali hiyo akiwa Minnesota Wild, ambapo alicheza msimu wake wa mwisho wa 2024-25 nyuma ya Filip Gustavsson, baada ya kutangaza mapema kwamba angestaafu. Alipata fursa ya kuwaaga mashabiki katika viwanja mbalimbali.

Ya pili ni kuhamia klabu inayowania ubingwa. Dominik Hasek alitwaa Kombe la Stanley na Detroit Red Wings mwaka wa 2008 akiwa na miaka 43, ingawa katika mechi za mtoano alikuwa amempisha Chris Osgood langoni.

Ya tatu ni kuvuka bahari. Hasek huyo huyo alirejea kwao Jamhuri ya Czech, akashinda ligi na Pardubice mwaka wa 2010, kisha akachezea Spartak ya Moscow. Naye Ed Belfour alimalizia safari yake Uswidi katika klabu ya Leksand.

Ya nne ni kukaa nyumbani, kufanya mazoezi na kusubiri simu ilie. Njia hii inahitaji subira na moyo mgumu, maana riziki ya anayesubiri hutegemea jeraha la mwenzake.

Brodeur aliichagua hiyo ya nne. Simu ililia baada ya Brian Elliott wa St. Louis Blues kuumia, na Desemba 2014 akatia sahihi. Alicheza mechi saba, akashinda tatu na katika mojawapo hakufungwa bao. Elliott aliporejea, nafasi ikafungika. Januari 2015 mkongwe huyo alitangaza kustaafu akiwa na ushindi wa mechi 691 na mechi 125 bila kufungwa, rekodi ambazo hazijavunjwa.

Maisha baada ya lango

Zipo nyakati ambapo mwili huamua kabla ya mwenyewe. Henrik Lundqvist alijiunga na Washington Capitals mwaka wa 2020 baada ya New York Rangers kuvunja mkataba wake. Maradhi ya moyo yalimzuia kucheza hata mechi moja. Alifanyiwa upasuaji, akastaafu mwaka wa 2021 na kugeukia uchambuzi katika runinga.

Brodeur aliingia ofisini. Blues walimpa kazi ya usimamizi, na mwaka wa 2018 akarudi kwa Devils kama afisa mkuu. Mwaka huo huo aliingizwa katika Jumba la Mashuhuri la hoki.

Wako waliodai kwamba mechi zile saba zilimchafulia jina, kwa kuwa alivaa jezi ya ugenini mwishoni mwa safari. Hata hivyo, ni kupitia kwazo alipata mlango wa kazi yake ya pili. Devils nao hawakumwekea kinyongo: Februari 2016 waliitundika jezi yake nambari 30 juu ya uwanja wao, na hakuna mchezaji wa klabu hiyo atakayeivaa tena.