Mandolini ya Tabora

Mwaka 1996 Apocalyptica, wapiga selo wanne kutoka Ufini, walitoa albamu ya nyimbo za Metallica. Walimwengu walistaajabu: roki kwa ala za okestra! Wazee wa Tabora wasingeshangaa sana. Kwao ala ya aina hiyo ilishachezesha watu dansi zamani.

Tabora ilikua katika nchi ya Unyanyembe, palipokutana njia za misafara: ya magharibi iliyokwenda Ujiji, ya kaskazini iliyoelekea Karagwe na Buganda, na ya mashariki iliyoshuka Bagamoyo. Wanyamwezi, Waarabu na Wamanyema walikuwa majirani, na kila msafara ulikuja na ngoma zake. Reli ilipofika mwaka 1912, mizigo ikatoka mabegani mwa wapagazi. Kuanzia 1933 kampuni ya HMV ikatoa mfululizo wa GV, santuri za muziki wa Kuba zilizosambaa Afrika. Rumba ikashika miji.

Ndipo Tabora ikazaa Kiko Kids, bendi ya dansi ya Salim Zahoro, mwimbaji aliyepiga mandolini. Mandolini ni ala ya Kiitaliano. Vivaldi aliitungia muziki wa okestra, na Mozart akaitia katika opera yake ya 1787, Don Giovanni. Ina nyuzi nane, mbili mbili, zilizotuniwa sawasawa na za fidla. Lakini haina upinde, na sauti yake hufa upesi; mpigaji akitaka noti idumu, hana budi kupeleka piki juu na chini mbio mbio hadi mlio uungane. Mlio huo ni mwembamba na mkali, hivyo haumezwi na ngoma. Kwa dansi ilikuwa ala ya kufaa kabisa.

Baadaye gitaa la umeme lilitawala, na mji ukavuma kwa Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Zahoro hakustaafu: mwaka 1993 ilipoundwa Shikamoo Jazz ya wanamuziki wazee jijini Dar es Salaam, kwa msaada wa shirika la HelpAge, naye alikuwamo.

Historia ya dansi letu, basi, si ya gitaa peke yake. Ukikuta santuri ya Kiko Kids katika sanduku la babu, usiitupe. Itafutie mtu wa kuinakili kabla haijakwaruzika.