Reli Ilipita Isaka, Abiria Akabaki Kahama

Katika mjadala wetu kuhusu reli ya kisasa, tumezoea kuhesabu kilomita, mabehewa na mikopo. Kuna swali la kihistoria ambalo halipewi uzito huo: mkazi wa Kahama, Buzwagi au Geita atafikaje stesheni, na kwa gharama ya nani?

Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilishwa na Waingereza mwaka 1928, likipita Isaka na Shinyanga. Shabaha yake kubwa ilikuwa kuipeleka pamba ya Usukuma bandarini, si kumsafirisha aliyeilima. Kahama ikaachwa magharibi mwa Isaka, umbali wa kilomita zipatazo 40.

Hata hivyo, serikali hiyohiyo ya kikoloni ilielewa kwamba reli peke yake haitoshi. Shirika la reli liliendesha pia magari ya abiria na mizigo yaliyounganisha Reli ya Kati na nyanda za juu kusini, pamoja na meli za Ziwa Victoria zilizopokea wasafiri wa treni Mwanza. Mfumo huo ulikuwa wa kibaguzi katika madaraja yake, lakini ulimtazama msafiri kuwa mwenye safari moja.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mali za reli ziligawanywa. Mabasi yalikuwa tayari na njia yake chini ya KAMATA, na baadaye yakashikwa na wafanyabiashara binafsi. Lami ilipoenea, basi likawa mshindani wa treni, na treni ikashindwa.

Jambo linalonishangaza ni kwamba muunganisho haukufa. Ulihamia kwenye mizigo. Katika bandari kavu ya Isaka, makasha yaliyoshushwa kwenye treni yamekuwa yakipakiwa kwenye malori kwenda Rwanda na Burundi. Kasha lilipangiwa gari, nyaraka na mahali pa kusubiri. Binadamu aliyeshuka stesheni hiyohiyo aliachiwa bodaboda na bahati yake.

Leo suala hili lina uzito mpya. Mgodi wa Buzwagi, uliozinduliwa mwaka 2009, umefungwa, na eneo lake limetengwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Viwanda vinahitaji wafanyakazi wanaosafiri kwa uhakika. Reli mpya ya Mwanza hadi Isaka iliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021, na Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limeiondolea Geita foleni ya kivuko.

Wapo watakaosema wenye mabasi hawatakubali. Hofu yao ina msingi: treni ikichelewa saa tatu, nani atalipa gharama ya basi linalosubiri? Kwa hiyo hotuba za uzalendo hazitatosha, unahitajika mkataba. Uswisi ilianza mwaka 1982 kupanga treni zake kwa ratiba inayojirudia kila saa, na mabasi ya posta vijijini yakaoanishwa nayo. Nchi hiyo ni tajiri kuliko yetu, lakini kuoanisha saa mbili za ukutani ni kazi ya utawala kabla ya kuwa kazi ya fedha.

Chombo cha kuifanya kazi hiyo tunacho. Tangu mwaka 2019, LATRA inadhibiti mabasi na reli pamoja. Inaweza kuanza na leseni za njia fupi za Kahama–Isaka zinazofuata ratiba ya treni, tiketi moja kwa safari nzima, na stendi ndani ya uwanja wa stesheni, si kilomita kadhaa kutoka hapo.

Watumishi wa umma mnaosoma makala haya, michoro ya stesheni bado inaweza kurekebishwa. Zege likishakauka, tutakuwa tumejenga kwa mara ya pili reli inayompita mwananchi.