Setani: Namba ya Dizeli Inayosomeka kwenye Moshi

Kuanzia Januari hadi Machi, kabla masika hayajaingia, mashamba ya Njoro, Rongai na Mau Narok, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, hunguruma matrekta kutwa kucha. Dereva hutazama mbele kwenye mfereji na nyuma kwenye plau, lakini jicho la pembeni halibanduki kwenye bomba la moshi. Moshi ukibadilika rangi, maneno huanza. Mmoja atasema dizeli ya siku hizi ni maji matupu. Mwingine atasema imechafuliwa njiani. Wa tatu ataapa kwamba tangu serikali ibadilishe dizeli, trekta yake ya Massey haijawahi kuvuta kama zamani.

Gereji za Nakuru zina maneno matatu ya kuhukumu mafuta: dizeli nzuri, dizeli chafu na dizeli nyepesi. Yanatosha kulalamikia, hayatoshi kutengenezea. Dizeli inaweza kuwa na salfa nyingi. Inaweza kuwa imetiwa mafuta ya taa. Inaweza pia kuwa safi kabisa, isiyoghushiwa, ila inachelewa kushika moto ndani ya silinda. Hizi ni kasoro tatu mbalimbali na kila moja ina dalili zake. Ile ya tatu ndiyo haina jina katika mazungumzo ya mafundi, ingawa maabara huipima kila siku na kuiandika kwa tarakimu. Jina lake la kitaalamu ni namba ya setani.

Ili kuielewa namba hiyo, tuanze na jambo ambalo kila fundi analijua: injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ikabaki na nafasi ndogo, kiasi cha sehemu moja kwa 16, na joto lake likapita nyuzi 500 za selsiasi. Hapo nozeli hurusha dizeli kama ukungu, na joto la hewa peke yake ndilo linaloiwasha. Lakini ukungu haushiki papo hapo. Matone hupata joto kwanza, yakageuka mvuke, mvuke ukachanganyika na hewa, ndipo moto ukashika. Pengo hilo, tangu dizeli irushwe hadi iwake, tuliite muda wa kukawia. Ni mfupi mno, huhesabiwa kwa elfu za sekunde. Hata hivyo, injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, katika elfu moja tu ya sekunde kranki huwa imekwisha kusogea digrii 12. Dizeli ikikawia kidogo zaidi ya ilivyotarajiwa, pistoni huwa imeanza kushuka, na dizeli iliyorundikana ikisubiri hulipuka yote kwa pamoja. Huko ndiko kugonga kukavu kwa asubuhi, kana kwamba mtu anapiga nyundo ndani ya bloku.

Namba ya setani hupima jinsi dizeli inavyowahi au kukawia kushika. Namba ikiwa kubwa, dizeli inawahi. Ikiwa ndogo, inakawia. Setani yenyewe ni kimiminika kisicho na rangi, ambacho molekuli yake ni mnyororo ulionyooka wa kaboni 16 zikiwa na hidrojeni 34. Huwahi sana kushika, kwa hiyo ikapewa 100. Kwa upande wa chini huwekwa ndugu yake mwenye idadi ileile ya kaboni na hidrojeni, lakini mnyororo wake umejaa matawi. Huyo ni mzito wa kushika, akapewa 15. Maabara huchukua injini maalumu ya silinda moja, inayozunguka mara 900 kwa dakika na ambayo mbano wake unaweza kuongezwa au kupunguzwa. Dizeli inayopimwa hurushwa digrii 13 kabla pistoni haijafika juu, kisha mbano hurekebishwa mpaka moto ushike pistoni inapofika kileleni. Mchanganyiko wa vimiminika vile viwili unaofanya vivyo hivyo ndio unaoipa dizeli ile namba yake. Ulaya hairuhusu dizeli ya magari iliyo chini ya 51. Marekani huridhika na 40.

Jina hili lina asili ya baharini. Setani hutokana na neno la Kilatini la nyangumi, lililochukuliwa kutoka Kigiriki, kwa kuwa kemikali za jamii hiyo zilitambuliwa kwanza katika nta ya kichwani mwa nyangumi mkubwa mwenye meno. Watu wa pwani walimjua mnyama huyo kwa bidhaa nyingine: ndiye anayetoa ambari, ambayo msafiri Mwarabu al-Masudi aliitaja miongoni mwa mali za pwani ya Zanj, yaani pwani ya Afrika Mashariki, katika karne ya 10.

Kuliandika neno kwa Kiswahili kumezua kusitasita. Mtu aliyelisikia kwa Kiingereza huandika siteni. Anayefuata maandishi huandika setane na kuliacha bila kulifinyanga. Njia iliyo wazi zaidi ni ile iliyokwisha kutupa methani, propani, butani na oktani: vimiminika na gesi za jamii moja ya kemia, zote zikiishia kwa -ani. Kwa kanuni hiyo, setani ndiyo inayokaa sawa, na mwanafunzi atatambua bila kuambiwa kwamba ni ndugu wa oktani. Kuna watakaolikimbia kwa sababu linakaribiana mno na shetani. Kicheko hicho hakidhuru kitu, pengine kitalisaidia likumbukwe gereji.

Palipo na hatari ni kwenye maelezo yake. Wengine hufafanua namba ya setani kuwa ni wepesi wa dizeli kuwaka. Maana ni sahihi, ila neno wepesi tayari lina kazi. Fundi akisema dizeli nyepesi, anamaanisha iliyotiwa mafuta ya taa, inayoteleza vidoleni bila kuacha mafuta. Ukimwambia kwamba dizeli yenye wepesi mkubwa ndiyo bora, atakushangaa, na ana haki. Kwa hiyo ni heri tutumie vitenzi ambavyo havijachukuliwa: kuwahi na kukawia. Tuseme dizeli inayowahi kushika na dizeli inayokawia kushika, na namba ya setani iwe kipimo chake. Kiswahili tayari husema moto umeshika na kuni hazijashika, na kwenye silinda maana haibadiliki.

Sasa turudi kwenye moshi, maana ndiko istilahi hii inakolipa.

Moshi mweupe ndio ulio wa setani hasa. Mau Narok iko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Januari umande hutua mpaka kwenye kiti cha trekta. Dereva akizungusha stata, injini inakohoa, inashika silinda moja, inaacha, inashika mbili. Bomba linatoa wingu jeupe lililo zito, linalotambaa chini badala ya kupaa, na ukisimama karibu linawasha macho na kunuka dizeli mbichi. Ndiyo dizeli yenyewe: imerushwa, imegeuka mvuke, lakini joto la silinda halikutosha kuiwasha kwa wakati, ikatoka nje nzima. Namba ya setani ikiwa ndogo, wingu hilo hukaa muda mrefu zaidi. Injini ikishapata joto linapaswa kutoweka. Lisipotoweka, dizeli huenda haina hatia: angalia taimingi ya pampu, mbano uliopungua kwa ringi zilizokwisha, au hewa iliyoingia kwenye mabomba ya mafuta. Na mvuke mweupe usionuka dizeli, huku maji yakipungua kwenye rejeta, ni habari ya gasketi.

Moshi mweusi ni kesi nyingine, na huku setani husingiziwa sana. Mweusi ni masizi: kaboni iliyopata moto lakini haikupata hewa ya kutosha kuungua yote. Trekta nyingi za zamani za mashamba haya, kama Massey Ferguson 240 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu, hazina turbo. Huvuta hewa iliyopo, na iliyopo ni haba. Nakuru yenyewe iko kama mita 1,850 juu ya bahari, ambapo hewa ni pungufu ya ile ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Ukipanda Mau Narok, upungufu unapita sehemu moja ya tano. Pampu haijui hilo. Kama ilipimwa kiwandani kwa hewa ya nchi za chini, huendelea kurusha dizeli ileile. Zamisha plau katika udongo mgumu, dereva akanyage mafuta, na bomba litatoa mweusi hata ukitia dizeli bora kuliko zote duniani. Tiba yake ni kusafisha chujio la hewa, kupunguza kina cha plau, kubadilisha gia, na kumpa fundi wa pampu kazi ya kupunguza kipimo cha mafuta.

Moshi wa samawati hauhusu dizeli kabisa. Ni oili ya injini inayoungua.

Je, mabadiliko ya serikali yanayolaumiwa yalikuwa ya nini? Yalikuwa ya salfa. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na tangu hapo Kenya huagiza dizeli iliyokwisha kusafishwa. Tarehe 1 Januari 2015, pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Kabla ya hapo kiwango kilikuwa 500. Dizeli hiyo ya kuagizwa hufika Nakuru kwa bomba, lile lililopita hapa mwaka 1994 kuelekea Eldoret na Kisumu.

Salfa ikiungua hutoa gesi inayochoma pua, chembe laini zinazoingia mapafuni, na asidi inayoila oili ya injini. Kuipunguza ni faida kwa dereva anayevuta hewa hiyo siku nzima, hasa ukikumbuka kwamba mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitika. Lakini salfa siyo masizi. Aliyetarajia moshi mweusi wa plau utakoma mwaka 2015 alitarajia kisichoahidiwa. Na aliyesema dizeli mpya haishiki vizuri aliilaumu kwa kosa ambalo kwa kawaida si lake, kwa sababu usafishaji wa kuondoa salfa hutumia hidrojeni, na mara nyingi huipandisha namba ya setani.

Malalamiko ya wakongwe yana punje ya ukweli mahali pengine. Usafishaji huohuo huondoa vitu vilivyokuwa vikiipa dizeli utelezi, ndiyo maana huongezewa dawa ya kuurudisha. Pia hupunguza kemikali zilizokuwa zikiifanya mipira ya kuzibia ivimbe. Marekani ilipopunguza salfa Oktoba 1993, baadhi ya pampu za zamani zilianza kuvuja kwa sababu mipira iliyozoea kuvimba ilisinyaa. Pampu ikipitisha dizeli nje huweza kupitisha hewa ndani, na hewa ikiingia, trekta hugoma asubuhi na kutoa moshi mweupe. Kwa macho inafanana na setani ndogo, kumbe dawa ni mipira mipya.

Mafuta ya taa ndiyo yenye hila kubwa. Kwa miaka mingi bei yake ya chini iliwashawishi wauzaji kuyachanganya na dizeli, mpaka Septemba 2018 serikali ikayatoza ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuua biashara hiyo. Mkulima hutazamia mafuta yaliyoghushiwa yatoe moshi mbaya. Mara nyingi hutokea kinyume. Mafuta ya taa ni mepesi kwa uzito, kwa hiyo kila mrusho wa nozeli hubeba nguvu pungufu, na masizi hupungua. Moshi unasafika, trekta inakosa pumzi mlimani, na kwa ndani pampu inasagika. Pampu za CAV zilizo kwenye Perkins nyingi hazina oili nyingine: hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Trekta iliyoacha kutoa moshi ghafla baada ya kujazwa tangi jipya, na papo hapo ikapoteza nguvu, ichunguzwe upesi kuliko ile inayofuka.

Kabla ya kulaumu tangi, fundi mzuri hufungua nozeli. Huifunga kwenye mashine ya mkono, akabonyeza wenzo mpaka kipimo kipite mara 150 ya kanieneo ya hewa ya kawaida, na kutazama. Nozeli nzima hulia mlio mkali na kutoa ukungu mkavu. Iliyochoka hutoa uzi wa dizeli, na tone hubaki likining'inia kwenye ncha. Tone hilo huzaa moshi mweupe injini ikiwa baridi na mweusi ikiwa na mzigo, na hakuna namba ya setani inayoweza kulifidia.

Utaratibu wa kuuliza basi uwe huu. Moshi mweupe wakati wa baridi: hapo setani ina nafasi mezani, pamoja na taimingi, mbano na hewa kwenye mafuta. Moshi mweusi chini ya mzigo: hewa, mzigo, pampu na nozeli. Moshi uliopungua pamoja na nguvu: mafuta ya taa. Pua na macho kuwaka bila rangi ya kuonekana: salfa. Shamba kubwa au chama cha ushirika kinachojaziwa tangi kwa lori kinaweza kuomba cheti cha maabara cha shehena hiyo, na humo mtakuta mistari mitatu iliyo mbalimbali: salfa, uzito na setani. Muuzaji anayeulizwa kama dizeli yake ni nzuri atajibu ndiyo siku zote. Akiulizwa setani ni ngapi, itabidi ataje namba.