Pili Pili Mulongoy: Pori Ndani ya Mji wa Shaba

Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji mjini Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Iliitwa Le Hangar. Wanafunzi hawakufundishwa kuiga picha za Ulaya, bali walitakiwa kuchora yaliyomo katika kumbukumbu zao. Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga maumbo kwa mistari mifupi. Pili Pili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, alishika ndege, samaki, mamba na majani ya mtoni.

Pori lake si la amani: mara nyingi kiumbe kimoja humnyemelea mwenziwe. Nyuma yao hakuna mbingu wala upeo wa macho. Nukta na vistari vidogo vidogo hujaza uwanja wote, kama kwamba maji, nyasi na hewa ni kitu kimoja.

Wako wanaosema kwamba pori hilo lilikuwa tamaa ya mwalimu na ya wanunuzi Wazungu, maana mji wa migodi, pamoja na mabomba yake ya moshi, haumo. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mwalimu alifariki mwaka 1954, na wanafunzi wake wakapokewa katika chuo cha sanaa cha Laurent Moonens mjini humo. Pili Pili, aliyeishi hadi mwaka 2007, hakuwaacha ndege wake. Agizo la mwalimu halitoshi kueleza uaminifu wa muda mrefu namna hiyo.