Uvira kati ya Mlima na Ziwa: Umbo la Nchi na Historia ya Mafuriko

Makala haya yanakusudia kueleza ni kwa nini mji wa Uvira, ulioko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, hupatwa na mafuriko mara kwa mara. Jibu linalosikika kwanza ni kwamba mvua imezidi. Jibu hilo ni kweli, ila halitoshi. Mvua iwezayo kuloanisha tu mashamba ya tambarare pana, ikinyesha juu ya Uvira huweza kuua. Tofauti hiyo yatokana na umbo la nchi, na vilevile na historia ya watu waliochagua, au waliolazimika, kukaa hapo.

Tuanze na umbo la nchi. Mji umejengwa katika ukanda mwembamba wa bonde la ufa. Mashariki kuna ziwa, lililo kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Magharibi milima ya Mitumba huinuka ghafula, na baadhi ya vilele vyake hupita mita 3,000. Hewa yenye unyevu ikisukumwa kupanda mlima hupoa, na mvuke wake hugeuka mvua. Mito kama Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira huteremka mwendo mfupi kwenye mteremko mkali, hata maji ya milimani hufika mjini kabla wakaaji hawajapata nafasi ya kuhama. Mto utokapo korongoni na kufika mahali pasipo mteremko, nguvu zake hupungua, nao huutua mzigo wake wa mawe na mchanga, ukautandaza kwa umbo la upepeo uliokunjuliwa. Juu ya upepeo huo ndipo palipojengwa nyumba. Kumbe kiwanja tunachokisifu kwa kuwa tambarare ni kazi ya mafuriko ya kale, na mto haujaimaliza kazi hiyo.

Ziwa nalo lina historia yake. Burton na Speke walipofika Uvira mwezi wa Aprili 1858, wafanyabiashara wa pembe za ndovu kutoka pwani walikuwa wamekwisha kuijua njia hiyo. Wenyeji waliwaambia wageni hao kwamba mto Ruzizi huingia ziwani wala hautoki humo. Livingstone na Stanley walilithibitisha neno hilo mwaka 1871. Wakati huo mlango wa ziwa, yaani mto Lukuga, ulikuwa umezibwa na mchanga na majani, na maji yalikuwa yakipanda. Kizuizi hicho kilivunjika mnamo 1878, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa karibu mita 10. Kwa hiyo ardhi ya ufuoni iliyo chini kabisa haikuwa nchi kavu katika zama hizo. Ziwa lilipanda tena mwaka 1964, na vivyo hivyo mwaka 2021 na 2024. Maji yalipoingia majumbani, wengi walisema kwamba ziwa limevamia mji. Mwanahistoria angesema kwamba limerudi mahali lilipowahi kukaa.

Basi kwa nini watu wakakaa hapo? Si kwa ujinga. Ufuoni kuna samaki, maji na ardhi iliyo sawa. Bandari ya Kalundu iko huko, na barabara itokayo Bukavu kwenda Fizi hupita hapo. Tena, tangu vita vya 1996, wengi waliokimbia vijiji vyao walitafuta usalama mjini. Ajaye nyuma hakuti kiwanja kizuri. Hupata kando ya mto au kwenye mteremko. Nao mji uliokua huhitaji kuni, makaa na mashamba, na mlima uliovuliwa miti hauzuii maji.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe ulifurika. Makumi ya watu walikufa, na makumi ya maelfu wakakosa makazi. Kaskazini zaidi, kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, umbo la nchi ni lilelile: milima, vijito vifupi, kisha vijiji vilivyobanwa na ziwa. Huko Kalehe, tarehe 4 Mei 2023, maji na matope yaliangukia Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa siku ya soko huko Nyamukubi, na waliokufa walipita 400. Nchi hiyohiyo ya Kalehe ilikuwa imekwisha kupigwa na mafuriko mwezi wa Oktoba 2014.

Tunajifunza nini? Kwanza, kuilaumu mvua peke yake ni kujiondolea wajibu. Mlima hatuwezi kuuhamisha, lakini mahali pa soko, pa shule na pa nyumba huamuliwa na watu. Pili, kumwambia maskini ahame bila kumwonyesha mahali pa kuhamia ni kumpa shauri lisilofuatika. Tatu, na hili latuhusu sisi wa chuo kikuu, wazee wa ufuoni wanakumbuka mto ulipopita zamani, na majina ya mahali huenda yakahifadhi habari za aina hiyo. Kumbukumbu hizo zikusanywe na kuandikwa katika lugha ambayo wakaaji wenyewe huisoma, kisha ziwekwe mezani pamoja na ramani za wataalamu kabla kiwanja kingine hakijagawiwa. Mzee akifa bila kuulizwa, mto hubaki shahidi wa pekee, na ushahidi wake twaujua.