Mkate wa Sydney na Siku 28 za Mwanzo

Mkate wa kawaida unaouzwa Sydney, ukiacha ule wa unga wa oganiki, umetiwa vitamini kwa amri ya sheria. Tangu Septemba 2009, kila kilo ya unga wa ngano wa kutengenezea mikate nchini Australia lazima iwe na miligramu 2 hadi 3 za asidi ya foliki. Makala haya yanaeleza ilikuwaje hata serikali ikaingia kwenye mkate, na nani bado hajafikiwa.

Habari inaanzia Bombay. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda huko kuchunguza upungufu wa damu uliokuwa ukiwasumbua wajawazito. Aligundua kwamba wakipewa Marmite (ndugu yake Vegemite, kwa wanaoipenda), damu yao inarudi. Alichapisha matokeo mwaka 1931. Kirutubishi kilichohusika baadaye kiliitwa foleti. Mama zetu waliohudhuria kliniki Dar es Salaam au Mombasa wanavijua vidonge vya kuongeza damu: ndani mna madini ya chuma na foleti hiyo hiyo.

Faida kwa damu ilijulikana mapema. Faida kwa ubongo wa mtoto ilichelewa. Ubongo na uti wa mgongo huanza kama utando bapa unaojikunja ukawa mrija, na mrija huo hufunga siku 28 hivi tangu mimba kutungwa. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi hupata pia kichwa kikubwa. Usipofunga juu, ubongo haukui na mtoto haishi. Mama akipungukiwa na foleti, hatari huongezeka. Ugumu uko hapa: siku ya 28 wanawake wengi hawajui bado kama ni wajawazito. Kadi ya kliniki inapofunguliwa, jambo limeshapita.

Mwaka 1989 Carol Bower na Fiona Stanley, watafiti wa Australia Magharibi, walionyesha kwamba akina mama waliokula foleti nyingi zaidi hawakupata sana watoto wenye tatizo hili. Mwaka 1991 ukaja ushahidi mzito: jaribio la nchi saba, kwa wanawake waliowahi kupata mtoto wa namna hiyo, lilionyesha kwamba asidi ya foliki ilipunguza hatari kwa asilimia 72.

Baada ya ushahidi kama huo, Australia ilichukua miaka 18 kufikia sheria. Kwanza zilikuja kampeni za kuwashauri wanawake, kisha mwaka 1995 viwanda vikaruhusiwa kuongeza foleti kwa hiari. Australia Magharibi matukio yalipungua kwa karibu asilimia 30, lakini si kwa watoto wa Waaborijini. Kwetu sisi, hiki ndicho kipande kizito kuliko vyote. Ushauri uliwafikia waliokuwa na daktari wa karibu na pesa ya vidonge. Sheria ilipoanza, matukio yalipungua kwa asilimia 14 hivi kwa nchi nzima, na kwa asilimia 74 kwa akina mama Waaborijini na wa visiwa vya Torres Strait. Mkate ulifika ambako karatasi za ushauri hazikufika.

Afrika Mashariki nayo haikukaa kimya. Tanzania ilitunga kanuni za kurutubisha unga mwaka 2011, Kenya ikafuata mwaka 2012, na nchi zote mbili zilihusisha unga wa mahindi. Lakini mahindi mengi husagwa kwenye mashine za mtaani, ambako hakuna anayeongeza kitu.

Na hapa Sydney? Wanawake wanaopanga kupata mtoto hushauriwa kumeza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Lakini mimba nyingi hazipangwi, na sheria ya 2009 inataja unga wa ngano wa mikate tu. Mchele haumo. Sembe haimo. Mwanamke wa Auburn au Blacktown anayekula wali mchana na ugali usiku yuko nje ya sheria hiyo, labda asubuhi apate kipande cha mkate na chai.